MPAKA WA KURA SI UA WA UKOO

Ndugu Wafanyi Kazi,

Wako watu wanaotuambia kwamba kazi ya chama cha wafanyi kazi ni mshahara, saa za kazi na likizo tu, na kwamba mambo ya mipaka ya uchaguzi tuwaachie wanasiasa. Maneno hayo ni matamu kwa anayeyasema, bali humpunja anayeyafuata. Sheria ya mshahara wa chini hutungwa wapi? Kodi inayokatwa katika mshahara kabla hatujaushika hupitishwa wapi? Fedha za karo ya watoto wa maskini hugawanywa kwa sheria ya nani? Yote ni Bunge. Na kila Mjumbe wa Bunge hutumwa na watu waliomo ndani ya mstari uliochorwa katika ramani. Kwa hiyo anayechora mstari huo amegusa mfuko wetu, tupende tusipende.

Leo twaandika juu ya mstari mmoja tu, ule unaotenga jimbo la uchaguzi la Shinyalu, ambamo Mukumu imo, na jimbo la jirani la Ikolomani. Tunasema kwamba mstari huu umechorwa kwa kufuata ukoo, na kwamba hesabu ya watu imeukataa. Tena tunasema kwamba mfanyi kazi wa Mukumu hana faida yoyote katika kuutetea.

MUKUMU NI MAHALI GANI?

Mapadre wa Mill Hill walifungua misheni ya Mukumu mwaka 1906. Baadaye zikasimama shule ya wasichana, shule ya wavulana, na Hospitali ya Mtakatifu Elizabeth. Karibu yake lipo soko la Khayega, na barabara kuu ya Kakamega hadi Kisumu yapita hapo. Mahali penye shule, hospitali, soko na barabara hapawi tena shamba tupu. Hapo huzaliwa watu wa kazi ya mshahara.

Hesabuni wenyewe. Wauguzi, wapishi wa shule, walinzi wa usiku, walimu, wafagiaji wa wodi, waashi, mafundi wa pikipiki, vijana wa bodaboda, akina mama wa sokoni, makarani wanaopanda matatu alfajiri kwenda Kakamega mjini na kurudi jioni. Wengi wao wana kishamba cha mahindi na maharagwe, lakini kishamba hicho hakiwalishi mwaka mzima. Mukumu leo ni kiunga cha mji wa Kakamega, ingawa katika ramani ya siasa bado inahesabiwa kama kijiji cha ukoo.

Jimbo la Shinyalu lina wadi sita: Isukha Kaskazini, Murhanda, Isukha ya Kati, Isukha Kusini, Isukha Mashariki na Isukha Magharibi. Upande wa mashariki uko Msitu wa Kakamega na watu wanaoishi kando yake. Upande wa barabara wako watu wa soko na wa mshahara. Ikolomani ina wadi nne: Idakho Kusini, Mashariki, Kaskazini na ya Kati. Someni majina hayo tena. Karibu kila wadi imebeba jina la watu wa kabila dogo moja. Jimbo moja likaitwa nyumba ya Abisukha na jingine nyumba ya Abidakho. Mwulizeni mpiga kampeni yeyote jimbo hili ni la nani, hatakwambia ni la wauguzi au la wakulima au la bodaboda. Atakutajia ukoo.

TULIVYOPATA KITI

Wazee wetu walijua uchungu wa kukosa Mjumbe. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, na Wazungu zaidi ya elfu moja wakaja kuitafuta. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya akiba ikichukuliwa, wenyewe watapewa ardhi nyingine ya badala. Mwisho wa mwaka 1932 Baraza la Kutunga Sheria likaibadili sheria hiyo ili ardhi ya dhahabu itwaliwe bila kutoa ardhi ya badala. Katika Baraza hilo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waliosema kwa niaba yetu walikuwa Wazungu walioteuliwa na Serikali. Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, naye pia kwa kuteuliwa.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua Wajumbe wao kwa mara ya kwanza, viti 8 kwa nchi nzima. Nairobi ilimchagua Bwana Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyi Kazi. Huku kwetu, Nyanza ya Kaskazini, Bwana Masinde Muliro alimshinda Bwana W. W. W. Awori. Lakini kura zilikuwaje? Aliyesoma alipata kura. Mwenye mali au mapato alipata kura. Mtu mmoja aliweza kukusanya sifa hadi akawa na kura tatu, na jirani yake mchimba mtaro asiwe nayo hata moja. Katika uchaguzi wa Februari 1961 mlango ulipanuliwa: ajuaye kusoma na kuandika lugha yake, au aliyepita miaka 40, akaruhusiwa. Mei 1963 ndipo kila mtu mzima alipopiga kura yake moja, kwa viti 117 vya Baraza la Wawakilishi. Ikolomani ilikuwa mojawapo ya viti hivyo.

Hilo ndilo jambo wazee wetu walilolipigania: mtu mmoja, kura moja. Lakini kazi ilibaki nusu. Kura moja ina maana gani ikiwa kura yako na ya jirani hazilingani uzito?

Kabla ya mwaka 1988 jina la Shinyalu halikuwamo katika orodha ya viti vya Bunge. Mwaka huo viti viliongezwa kutoka 158 hadi 188, na Shinyalu ikazaliwa. Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa mwaka wa mlolongo, watu wakipangwa mstari nyuma ya mgombea kama ng'ombe mnadani, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mlolongo wa KANU akahesabiwa amepita bila kura ya siri. Tulipewa jimbo letu, na mwaka uleule tukanyimwa siri ya kura yetu.

Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Kriegler ilichunguza na kuandika, pamoja na mengine mengi, kwamba majimbo ya Kenya yalipishana mno kwa wingi wa watu. Tume ya zamani ya uchaguzi ikavunjwa. Ikawa kwamba Mjumbe wa Shinyalu, Bwana Charles Lugano, alifariki mwaka 2009, na tarehe 27 Agosti mwaka huo Shinyalu na Bomachoge zikawa majimbo ya kwanza kupiga kura chini ya tume mpya ya muda. Kwa hiyo watu wa Mukumu walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa kwanza. Hatukuwa wageni wa mambo haya, wala hatutakubali kuambiwa leo kwamba hatuyaelewi.

HESABU YENYEWE

Katiba ya mwaka 2010 inasema hivi katika kifungu cha 89. Majimbo ni 290. Idadi ya wakaaji wa kila jimbo ikaribiane iwezekanavyo na wastani wa nchi. Mijini na mahali penye watu wachache sana tofauti iruhusiwe hadi asilimia 40, na kwingine hadi asilimia 30. Angalieni: huhesabiwa wakaaji, si wapiga kura peke yao. Mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake Khayega ni kichwa kimoja sawa na mzee wa baraza. Na kijana wa Mukumu aliyelala Nairobi usiku wa hesabu ya watu ni kichwa cha Nairobi, hata kama moyo wake uko nyumbani.

Mipaka ya sasa ilitangazwa Machi 2012 kwa hesabu ya watu ya mwaka 2009. Wastani wa nchi ulikuwa watu 133,138 kwa jimbo. Shinyalu ilikuwa na watu 159,475. Ikolomani ilikuwa na 104,669.

Ikaja hesabu ya mwaka 2019. Kenya ilikuwa na watu 47,564,296. Gawanyeni kwa 290 mtapata karibu 164,015. Kakamega Mashariki, ndiyo Shinyalu, ilikuwa na watu 167,641. Kakamega Kusini, ndiyo Ikolomani, ilikuwa na 111,743. Maana yake ni kwamba watu watatu wa Shinyalu wana sauti ya watu wawili wa Ikolomani. Hatusemi kwa kukisia. Zidisheni 111,743 kwa moja na nusu, mtaona.

Sasa tazameni wadi, maana hapa ndipo uwongo unapofichuka. Gawanyeni watu wa Shinyalu kwa wadi zake sita: kila wadi ina watu 27,940 kwa wastani. Gawanyeni watu wa Ikolomani kwa wadi zake nne: 27,936. Tofauti ni watu wanne! Katika Baraza la Kaunti, mtu wa Mukumu na mtu wa Ikolomani ni sawa kabisa. Wakifika mlango wa Bunge la Taifa, mmoja anapunguzwa theluthi. Ni watu walewale, na barabara ni ileile. Kilichobadilika ni mstari tu.

Na hasara hii si ya heshima tu. Sheria ya mwaka 2003 ilianzisha fungu la maendeleo la majimbo, lile watu wanaloliita CDF, na robo tatu za fungu hilo zikagawanywa sawa kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo. Tuseme kwa mfano tu kwamba majimbo mawili yanapewa shilingi milioni 100 kila moja. Ikolomani itakuwa shilingi 895 kwa kila kichwa, na Shinyalu shilingi 597. Mpishi wa shule anayeomba msaada wa karo Mukumu amesimama katika foleni ndefu kuliko mpishi mwenzake wa upande wa pili, na hajui ni kwa nini.

Wala msidhani kwamba twawaonea wivu ndugu zetu wa Ikolomani. Wao nao wako hatarini. Asilimia 30 chini ya wastani wa 2019 ni watu 114,810. Ikolomani imepungukiwa na watu kama 3,067. Imeanguka chini ya sakafu ya Katiba. Khwisero, yenye watu 113,476, imeanguka pia. Na Malava, yaani Kakamega Kaskazini, ina watu 238,330, imepita dari kwa watu zaidi ya elfu 25. Nairobi ina watu 4,397,073 na viti 17, yaani watu zaidi ya 258,000 kwa kila kiti. Kijana wetu anayefanya kazi huko na kukaa Kangemi, kwa wastani huo, kura yake haifikii hata nusu ya uzito wa kura ya Ikolomani.

WANAOTAKA TUGOMBANE

Katiba iliamuru mipaka ipitiwe tena baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Miaka 12 iliisha Machi 2024. Kazi haikufanywa. Tangu mapema mwaka 2023 hadi Julai 2025 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna hata mmoja. Tena Katiba inasema kwamba mapitio yakimalizika ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Kila mwezi unaopotea ni faida ya wale walionufaika na mstari wa zamani.

Siku ya mapitio itakapofika, tunajua wimbo utakaoimbwa. Upande wa Shinyalu watapiga kelele: "Wanataka kuiba watu wetu!" Upande wa Ikolomani watapiga kelele: "Wanataka kuua jimbo letu!" Abisukha na Abidakho, ambao lugha zao ni karibu moja, wanaooana na kuzikana, watasukumwa uwanjani kama mafahali wa Khayega, na wenye kushangilia watakuwa wale wenye viti. Fahali akivunjika pembe, mwenye kumshangilia hatoki damu.

Kuna neno moja la upande wa pili ambalo ni lazima tulijibu kwa haki. Wanasema: Katiba yenyewe inataka tume iangalie historia, undugu na utamaduni wa watu. Ni kweli. Lakini someni kifungu chote. Kinataja pia miji, njia za mawasiliano, na mambo ya uchumi yanayowaunganisha watu. Barabara ya Kisumu ni mawasiliano. Soko la Khayega ni uchumi. Hospitali inayowapokea wagonjwa bila kuwauliza wadi yao ni maslahi ya pamoja. Nani amesema kwamba damu ya babu ndiyo maslahi pekee, na kwamba jasho la leo halihesabiwi?

Wanasema tena: Abisukha wachache wakihamishiwa Ikolomani watamezwa. Nasi twajibu kwa hesabu ileile. Wadi moja katika jimbo la wadi tano ni mtu mmoja katika kila watano. Hakuna mgombea awezaye kumdharau mtu wa tano, kwa sababu wanne wakigawanyika, wa tano ndiye mwamuzi. Aliyezoea kuhesabiwa ni mali ya ukoo, kura yake haibembelezwi na mtu. Asiye mali ya mtu huombwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika Uingereza hadi mwaka 1832 kijiji cha Old Sarum, kilichokuwa karibu hakina wakaaji, kilipeleka Wajumbe wawili Bungeni, na mji wa viwanda wa Manchester haukuwa na wake hata mmoja. Mwaka 1838 wafanyi kazi wa huko waliandika Mkataba wa Watu wenye mambo sita. Mojawapo lilikuwa majimbo ya uchaguzi yaliyo sawa. Walichekwa, wengine wakafungwa. Lakini walikuwa wameelewa kwamba mwenye kiwanda hahitaji kukunyang'anya kura ikiwa anaweza kuipunguza uzito.

TUNATAKA NINI

Kwanza, wadi kumi kwa majimbo mawili, tano kwa tano. Shinyalu na Ikolomani kwa pamoja zilikuwa na watu 279,384 mwaka 2019. Nusu yake ni 139,692. Jimbo lenye watu hao liko juu ya sakafu na chini ya dari. Hapana jimbo linalokufa, hapana mtu anayepungua. Kuongeza watu elfu tatu tu ili kuiokoa Ikolomani kwa ujanja, na kuiacha tofauti yote iliyobaki, hatutakubali.

Pili, hatuchagui sisi ni wadi gani ivuke. Ikiwa ni wadi ya mashariki au ya barabarani, ikiwa ni Mukumu yenyewe, iamuliwe mbele ya watu, mchana, pamoja na ramani na hesabu zimebandikwa ukutani. Asihamishwe mtu gizani. Wala asizuiwe mtu kwa sababu tajiri mmoja anaogopa kupoteza vijiji vyake vya kura.

Tatu, katika vikao vya tume wafanyi kazi wasikilizwe kama wafanyi kazi. Mpaka sasa husimama mzee wa ukoo, mgombea na wakili wa mgombea. Tunataka asimame muuguzi, asimame dereva wa bodaboda, asimame mwashi, asimame mama wa sokoni, waseme wanapofanya kazi, wanapolala, na barabara wanayoitumia.

Nne, fedha za umma zinazogawanywa kwa majimbo zifuate idadi ya vichwa, si idadi ya viti.

Ndugu, kila tawi lifanye kazi yake. Kutaneni, someni hesabu hizi kwa sauti, mzikague wenyewe kwa kalamu. Andikeni barua yenye sahihi za wanachama wa pande zote mbili, Abisukha na Abidakho katika karatasi moja, na muiweke tayari kwa siku ya kikao. Mgombea akija kwenu akawaambia, "Ulindeni mpaka wa wazee wetu," mwulizeni swali moja tu: mbona diwani mmoja wa Shinyalu na mmoja wa Ikolomani wanasimamia watu sawasawa, na Wajumbe wao wa Bunge sivyo? Msimwachie nafasi ya kuzunguka. Mngojeeni ajibu.

Wazee wetu waliikataa sheria ya mtu mmoja kura tatu. Nasi tuikatae hesabu ya watu watatu kwa sauti ya wawili.

UMOJA NI NGUVU.